Bolti Nne Zenye Rangi ya Kucha

Malvern, Jumapili jioni

Mwanangu Rukia,

Umekwenda Berea na mama yako kumuaga shangazi, na najua hamtarudi mapema, maana shangazi yako hamwachi mtu atoke kwake bila kula mara mbili. Mimi nimebaki karakana. Nimekaa juu ya ndoo ya oili niliyoigeuza, na boti iko mbele yangu kwenye trela, imefunikwa turubai kama bibi harusi. Kesho alfajiri Deon atakuja na bakkie yake, ile pikapu, kuivuta mpaka Durban, na wewe utakaa kando yake. Sasa, kuna jambo nimelifanya jana kwenye boti hii ambalo lazima ulijue kabla haijagusa maji ya bahari. Nitalifikia. Nikilisema hapa mwanzoni utaikunja barua uanze kunifokea kwenye simu, na mimi nina mengine ya kusema kabla ya kufokewa.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Ukiwa na wenzako ni Kizulu na Kiingereza, na Kiswahili unakisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani, bila kuijibu. Utasoma polepole, na penye neno gumu utampigia mama yako simu akusomee. Ndivyo ninavyotaka. Habari za kula, kulala, kuvaa sweta na kuswali kwa wakati ameshakupa yeye, tena kwa kirefu, kwa hiyo mimi sizirudii.

Nianze na Deon. Simwamini, na unajua kwamba simwamini. Anacheka kabla hujamaliza kusema. Ananiita Baba kana kwamba nimemwoza binti. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wazee walisema, na mimi katika mji huu nimekuwa kuku mgeni kwa miaka yote hii, kamba naijua hata ikipakwa rangi. Lakini boti ni yake, na anayeingia mbio za boti kule Durban ni yeye. Amekuchagua wewe kati ya mafundi wote aliowaona bwawani Vaal, ukae kando yake wakati yeye ameshika usukani na wewe umeshika wenzo wa mafuta. Hiyo kazi mama yako haielewi, naye atausoma ukurasa huu, basi ngoja nimweleze. Boti ikiruka kutoka juu ya wimbi, propela inabaki hewani. Mwenye wenzo asipopunguza mafuta papo hapo, injini inapiga kelele bila mzigo, halafu propela inarudi majini kwa nguvu zote, na pigo lote linaangukia gia zilizo ndani ya mguu. Gia zikipasuka kwa mwendo ule, boti haisimami kwa adabu. Ndiyo maana mimi silali vizuri wiki hizi, si kwa sababu ya uzee kama mnavyosema.

Mguu, mama yake Rukia, ni hiki kitu kinachoning'inia nyuma ya boti. Injini iko ndani, mguu uko nje, na kazi yake ni kuipokea nguvu ya injini na kuishusha mpaka kwenye propela. Basi.

Unakumbuka, Rukia, ile Jumamosi tulipoiweka miguu mitatu juu ya meza, Deon amesimama pale mlangoni na kahawa yake? Wa kwanza ulikuwa mguu wa kawaida wa propela moja, aina tunayoitengeneza kila siku, ila umetiwa gia ngumu zaidi ndani. Wa pili ulikuwa wa propela mbili, moja nyuma ya nyingine, zinazozunguka kinyume. Wa tatu hatukuwa nao mkononi, tulikuwa na picha tu na ule mzoga wake niliouokota kwenye mnada: mguu wa mbio hasa, wenye pua kali, unaochukua maji ya kupozea kutoka chini kabisa ili uweze kuinuliwa mpaka nusu ya propela ikate juu ya maji.

Deon alitaka wa propela mbili. "Baba, huu unashika maji," akasema. "Boti inanyooka, haivuti upande. Hata mke wangu anaweza kuiendesha."

Wewe ukatikisa kichwa. "Eish, hapana. Huo mzuri ukiwa chini, ukitaka kufunga boti gatini. Ikishika spidi inajivuta yenyewe. Vyuma vingi sana ndani ya maji."

"Na huu wa kawaida?"

"Huo una spidi. Lakini utanivunjikia."

Mimi nilikuwa na maoni yangu, nayo ni haya. Kila mguu una uongo wake. Wa propela mbili unamsifia dereva. Unamfanya ajione hodari, kumbe ni ule mguu unaomnyooshea boti, na siku akikaa kwenye mwingine anaumbuka. Wa kawaida uliotiwa gia ngumu ni mnafiki mtulivu: hausemi kitu, haulii, hauchemki, mpaka siku unapoachia meno yote kwa pamoja. Na wa mbio ni mpiga kelele. Gia zake zinalia muda wote, salama zinalia, hatarini zinalia, sasa wewe utajua wapi kwamba leo kilio ni cha kweli? Tena unataka kufunguliwa kila mara kama mgonjwa wa hospitali. Ungeniuliza, ningekwambia kaa Malvern utengeneze giaboksi za magari. Hukuniuliza. Ukasema unataka wa mbio, na Deon akasema sawa.

Alisema sawa haraka mno. Mtu aliyebishana nusu saa nzima akitaka propela mbili, mara moja anasema sawa? Hapo ndipo shaka yangu ilipokita mizizi. Na mguu ulipofika ukiwa umeshaunganishwa, umepakwa rangi nyeusi inayong'aa, nikajiambia, rangi mpya ni kanzu, hata mwizi anavaa kanzu. Usione vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda mimi simjui.

Sasa nikwambie kwa nini niko hivi, usidhani nilizaliwa nimekunja uso. Ulikuwa bado unatambaa nilipomfungia mteja mmoja mguu kwenye boti yake ya mwendo kasi. Nilikuwa nimetoka Tanga na ufundi wangu, nimejifunza miguu hii hapa hapa kwa kuchungulia mabega ya watu, na nilijiona nimefika. Tukaenda Vaal. Nikaichapa boti ile asubuhi nzima, wenzo umelala mbele, na mguu haukulalamika. Nikampa mkono mteja nikamwambia, huu umepita. Akaupeleka baharini mwezi uleule. Meno ya gia yalipukutika kama mahindi kutoka kwenye gunzi, na yeye na kaka yake wakaelea tangu asubuhi mpaka mchana wakisubiri wa kuwavuta.

Nilimlaumu aliyeniuzia gia. Nikailaumu bahari. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba mimi ndiye niliyekosea, tena kosa lenyewe fundi anayefanyia kazi pwani hawezi kulifanya hata akitaka. Sisi huku Malvern tunaishi juu sana kuliko usawa wa bahari, hewa yetu nyepesi. Injini ikiwa Vaal inapumua nusu pafu, na maji yenyewe yametulia kama chai kwenye sahani. Ishushe injini ileile pwani, ijaze kifua chake, inaongezeka nguvu ambazo hukuwahi kuziona, na zote zinapitia kwenye mguu ambao wewe uliupima injini ikiwa mgonjwa. Halafu juu yake ongeza mawimbi. Mguu uliofaulu Vaal ulikuwa bado haujafanya mtihani. Hata propela iliyokaa sawa huku, kule inakuwa nyepesi, injini inapitiliza mzunguko wake.

Hili nilitaka nikufundishe wiki iliyopita. Nilikuja na kikombe changu cha chai, nimejiandaa kabisa, nikakukuta umeshafunga propela nyingine yenye mkunjo mkali zaidi, na vile vipande vya chuma laini vya kuliwa na kutu badala ya mguu umeshavibadilisha, umetoa vya maji baridi ukaweka vya maji ya chumvi. Ukaniuliza, "Baba, unataka nini?" Nikasema nimekuja kutafuta spana. Nilifurahi, wallahi, na nilikasirika. Nilirudi ofisini na spana nisiyoihitaji.

Tangu lile kosa la Vaal nikawa mtu wa kushuku kila kitu, na ukweli ni kwamba imenisaidia. Karakana iko hai. Lakini shaka ni kama pilipili, ukizoea huwezi tena kujua umeweka nyingi. Unamjua Papa Ilunga, Mkongomani wetu wa jirani anayeshona turubai na viti vya boti. Siku moja propela ya mteja ilipotea, na mimi nikaenda mlangoni kwake, mbele ya wateja wake, nikamwambia airudishe. Hakubishana. Alisema tu, "Mzee, weye ulinijua jana?" Kumbe propela nilikuwa nimeipeleka mwenyewe kung'arishwa kule La Rochelle, nikasahau. Nilikwenda kumwomba radhi na kilo ya nyama. Aliipokea nyama. Kunisalimia kama zamani alianza mwaka uliofuata, na hiyo ni kwa sababu ya mama yako, aliyekuwa akiendelea kuwapelekea vitumbua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ungedhani nilijifunza. Haya, sasa nifike kwenye la jana.

Alhamisi, ulipokuwa umekwenda kukata nywele, Deon alikuja peke yake. Hakupiga honi. Nilitoka ofisini nikamkuta nyuma ya boti, ameingiza mkono chini ya turubai, simu iko sikioni. Aliponiona akacheka, si unajua, kabla sijasema kitu. "Sharp, Baba. Naangalia mikanda tu." Mikanda ya trela iko mbele, mwanangu. Mguu uko nyuma. Nikamwambia sawa, akaondoka. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikajiambia, huyu alikuonyesha mguu mzuri uridhike, sasa anatafuta nafasi ya kuutoa utumbo auze, atie gia za kawaida, na mwanangu akashike wenzo baharini juu ya gia za kuendea kuvua samaki.

Jana mlipokwenda Jules Street kununua begi, nilifunga geti na kufungua turubai.

Nilikuwa sijui kwamba umeweka alama. Hukuniambia. Kwenye kile kifuniko cha juu cha mguu, mahali pa kuchungulia gia, nikaona bolti nne, na juu ya kila bolti mstari mwembamba mwekundu, umeanzia kwenye kichwa cha bolti ukashuka mpaka kwenye kifuniko. Rangi ya kucha. Ile uliyopaka Idi, mama yako akalalamika. Nikaelewa mara moja: uliufungua mguu peke yako, ukaona ulichotaka kuona, ukafunga, ukachora, na kwa vumbi lililolala juu ya rangi ilikuwa kabla ya Alhamisi. Bolti ikigeuzwa hata kidogo mstari unakatika, na wewe unajua kuna mkono umepita. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nawe humwamini Deon!

Na mistari yote minne ilikuwa mizima. Haikukatika hata mmoja. Kwa hiyo Deon hakuwa amefungua kitu. Alikuwa anaangalia mikanda, au anapapasa boti yake kama mtu anavyompapasa farasi, sijui, lakini gia hakuzigusa. Alama yako ilikuwa inaniambia hivyo kwa rangi nyekundu, mchana kweupe.

Nami nikachukua spana.

Nimejiuliza usiku kucha kwa nini. Nilijiambia rangi ya kucha inauzwa kila kiduka cha spaza, hata Deon anaweza kununua. Uongo. Nilijiambia macho mawili si sawa na manne. Huo nao ni uongo. Ukweli ni kwamba Deon alikuwa ameshatoka kichwani mwangu nilipoivunja ile mistari. Niliyemshuku ni wewe. Sikuamini kwamba ulifungua ukaona sawasawa. Nilikuona bado ni yule mtoto aliyekuwa akinishikia tochi akamulika ukutani. Ndivyo ilivyokuwa, na inaniuma.

Nilitoa kifuniko. Ndani, mwanangu, kulikuwa kama ulivyosema mezani: gia nene, mpya, hazina mkwaruzo, oili safi kama asali. Si ya rangi ya chai ya maziwa, kama oili iliyoingia maji, wala haina chembe za chuma za kung'aa. Mguu ni wa mbio kweli. Deon alinunua alichosema atanunua. Nilisimama na tochi yangu kama askari aliyevunja nyumba isiyokuwa na mwizi.

Kisha nikafunga. Na hapa ndipo pa kusikiliza. Ile oringi, pete nyembamba ya mpira inayozuia maji chini ya kifuniko, ilikuwa imekwisha kulala mahali pake. Nilipoinua kifuniko ilinata, ikavutika. Nilitafuta nyingine ya saizi ile kwenye makopo yote, hakuna. Maduka ya vipuri Jumamosi hufunga mapema, yalikuwa yameshafungwa. Nikaipaka grisi nikairudisha ileile. Inaweza kushika. Bahari haitaki neno inaweza. Mguu ulikuwa mzima, Rukia, mpaka mimi nilipokwenda kuhakikisha kwamba ni mzima. Kasoro niliyokuwa naitafuta kwa Deon nimeiweka mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu ya kukupenda vibaya.

Nilitaka kuficha. Nikwambie na hilo. Chupa yako ya rangi ilikuwa kwenye rafu karibu na birika. Niliichukua, nikachomoa kile kibrashi, nikainama juu ya bolti ya kwanza. Ningechora mistari minne, usingejua. Ungefika Durban ungeona alama zako nzima, ungeshusha boti majini na oringi iliyonyooshwa na baba yako. Tone likaniangukia kidole gumba. Wakati huohuo Ilunga akachungulia juu ya ukuta.

"Eish, Mzee! Leo uko unajipakala rangi ku makucha?"

Nikamwambia aende zake. Hakwenda. Alitazama bolti, akatazama chupa, akanitazama mimi, naye si fundi wa gia lakini mambo ya mimi na shaka zangu anayafahamu.

"Ule mutoto iko na akili," akasema. "Umuambie tu. Mimi ulinileteaka nyama. Yeye utamuletea nini?"

Basi nakuletea barua hii. Nilifunika chupa. Bolti zote nne nimeziacha kama zilivyo, mistari imekatika, ili ukiziona usimrukie Deon wa watu. Aliyefungua ni mimi. Ungegombana naye bure, labda ungepoteza nafasi uliyoitafuta, kwa kosa la mzee aliyebaki Malvern. Na usidhani nimeanza kumwamini! Mwangalie hivyohivyo. Lakini mwangalie kwa macho yako, kwa mistari yako, si kwa maneno yangu.

Durban kuna oringi za saizi ile. Kabla boti haijashuka majini fungua kifuniko, weka mpya, hata kama Deon amesimama pale anaangalia saa. Ukiwa umefungua, tazama gia. Nimekwambia ni nzima, nimekwambia oili ni kama asali, na bado nakwambia tazama. Mimi nilikuwa na neno lako mbele yangu, limeandikwa kwa rangi nyekundu, nikalivunja. Mtu wa hivyo usimwamini, hata akiwa baba yako.

Chupa nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ukishafunga, chora mistari yako upya, kisha nipigie simu. Sitakuuliza umeona nini ndani ya mguu. Nitakuuliza tu kama umefika salama, na nikiuliza zaidi ya hapo, nikatie simu.

Mimi baba yako, mwenye kidole chekundu kisichotaka kutakata,

Bakari